Wanaoniuzia Bando Ndio Wenye Timu

Mama yangu alifundisha shule ya msingi Muheza kwa miaka 31, na barafu kubwa kuliko zote aliyowahi kuiona ni ile ya kwenye friza la muuza samaki. Kwa hiyo siku nilipomwambia kwamba huku Toronto kuna timu ya hoki iliyokuwa mali ya walimu, alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Walimu gani?" akauliza. "Hawahawa wa chaki?"

"Hawahawa, mama. Walimu wa jimbo la Ontario, waliostaafu na walio kazini. Mfuko wao wa pensheni ndio uliokuwa mwenye timu."

"Na wakaiuza?"

"Wakaiuza."

"Kwa nani?"

Nikacheka, maana jibu nilikuwa nimelishika mkononi. Waliiuza kwa kampuni mbili za simu.

Timu yenyewe ni Toronto Maple Leafs. Kwa asiyeijua hoki ya barafuni: ni watu sita kila upande pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye visu chini, wanagombania kidude cheusi cha mpira mgumu kiitwacho paki, na kidude hicho kinakwenda kasi mpaka jicho la mgeni linakipoteza. Msimu wangu wa kwanza niliuangalia wote bila kuona goli hata moja likiingia. Nilikuwa nashangilia wenzangu wakishashangilia.

Jina maana yake ni majani ya mti wa mepo, lile jani la kwenye bendera ya Kanada. Kiingereza tulichofundishwa shuleni kingesema "leaves", lakini timu inaitwa "Leafs" na hakuna anayethubutu kuigusa. Mfuko wa walimu uliingia kwenye umiliki mwaka 1994 ukatoka 2012. Miaka 18 walimu wamemiliki kosa la sarufi lililoandikwa kifuani mwa wachezaji, na hawakulisahihisha. Nilipomweleza mama habari hiyo akasema, "Basi hao watakuwa walimu wa hesabu."

Na kweli walikuwa wa hesabu.

Habari ya mauzo ilitangazwa Ijumaa ya tarehe 9 Desemba 2011. Ulikuwa msimu wangu wa tatu wa baridi huku, nafanya usafi wa usiku kwenye jengo la ofisi katikati ya mji, na asubuhi ile nilikuwa nimebaki kumalizia ukumbi wa chini kwa sababu theluji ya viatu vya watu ilikuwa inarudisha tope kila nikipiga deki. Juu ya meza ya mapokezi kulikuwa na televisheni. Watu wenye koti za bei, ambao siku zote hupita kama wanakimbizwa, walisimama. Kampuni ya Bell na kampuni ya Rogers zinanunua kwa pamoja asilimia 75 ya Maple Leaf Sports & Entertainment, kampuni mama ambayo watu wa huku huifupisha MLSE. Kila mmoja anachukua asilimia 37.5. Robo inayobaki ni ya mfanyabiashara Larry Tanenbaum, aliyekuwamo tangu kabla na sasa anaongeza kidogo sehemu yake. Walimu wanapokea dola za Kanada bilioni 1.32 kwa asilimia yao 79.53.

Msomaji wa Dar anielewe hivi: ni kama Vodacom na Airtel waamke asubuhi moja, wapatane, wakainunue Simba. Bell na Rogers ni watani wa jadi. Wanagombania wateja kila kona ya nchi hii, na kila mmoja ana chaneli yake ya michezo, TSN ya Bell na Sportsnet ya Rogers. Kwa jinsi nilivyoelewa mimi, kilichowakalisha meza moja ni hofu: kila mmoja alikuwa anaogopa kulala na kuamka akakuta mwenzake amechukua yote.

Msimamizi wetu wa usafi, mzee wa Kireno aliyeipenda timu ile tangu ujana wake, aliangalia mpaka mwisho, akaokota ndoo yake. "Sasa," akasema, "hata tukifungwa watatutoza kwa dakika."

Kufungwa kulikuwapo kwa wingi. Maple Leafs walichukua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi ya hoki, mara ya mwisho tarehe 2 Mei 1967, walipowafunga Montreal Canadiens, mahasimu wao wakubwa. Ligi nzima wakati ule ilikuwa na timu sita. Waliokuwa watoto usiku ule leo wana wajukuu, na wajukuu hao wamerithi jezi na kusubiri.

Nilipoanza kufuatilia mambo ya umiliki, nilitaka kujua jambo dogo tu: je, timu hii iliwahi kuuzwa na mtu ambaye hakuangalia bei peke yake? Nikampata mmoja, na ilibidi nirudi nyuma karibu miaka mia. Mwaka 1927 timu iliitwa Toronto St. Patricks na wenyewe walikuwa wamepata mteja kutoka Philadelphia mwenye dola 200,000. Akatokea Conn Smythe, aliyekuwa amefukuzwa na timu ya New York Rangers muda si mrefu, akawakusanyia dola 160,000 za washirika mbalimbali na hoja moja: timu ya mji isiondoke mjini. Wakamkubalia. Waliacha dola 40,000 mezani, fedha za mwaka 1927, kwa ajili ya jambo ambalo mhasibu hana pa kuliandika. Smythe ndiye aliyeibadilisha jina ikawa Maple Leafs.

Sitaki kumfanya Smythe malaika. Alikuwa mkali, mpenda farasi na mcheza kamari. Mchezaji wake maarufu kuliko wote, King Clancy, alimpata mwaka 1930 kwa dola 35,000 na wachezaji wawili juu yake, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwenye ushindi wa farasi wake Rare Jewel. Lakini mwaka 1931, dunia nzima iko kwenye mdororo wa uchumi, alijenga uwanja wa Maple Leaf Gardens kwa muda wa miezi kama mitano, na fedha zilipopungua mafundi wakakubali kulipwa sehemu ya ujira wao kwa hisa. Hapo nilisimama nikasoma mara mbili. Mwashi, fundi bomba, mtu wa kubeba zege, kila mmoja alirudi nyumbani na karatasi inayosema kipande cha jengo hili ni changu. Wangapi waliziuza hisa zile kwa haraka wanunue mkate, sijui. Ningekuwa mimi ningeuza.

Kuna watu kwenye baa za huku wanaosema kwa sauti kubwa kwamba shida ya timu ni makampuni, kwamba ingekuwa ya mtu mmoja anayeipenda mambo yangekuwa mengine. Watu hao wamemsahau Harold Ballard. Mwaka 1961 Smythe aliiuza kwa kundi la watu watatu: mwanawe Stafford, Ballard na John Bassett. Stafford alifariki 1971 na Ballard akashika usukani, akakaa nao mpaka kifo chake mwaka 1990. Huyu hakuwa kampuni. Alikuwa mtu mmoja, mwenye timu yake, anayekaa uwanjani kila mechi. Mwaka 1972 alitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu akaenda jela, kwa sababu fedha za uwanja zilikuwa zikitengeneza nyumba yake. Mwaka 1979 akaamuru kile kibanda cha juu kabisa, ambamo Foster Hewitt alikuwa akitangaza mechi redioni nchi nzima ikisikiliza, kitupwe kwenye tanuri la kuchomea taka. Kibanda hicho kingekuwa makumbusho. Mpenzi wa namna hiyo, mtu huwezi hata kumshitaki kwa wanahisa.

Baada yake alikuja Steve Stavro, mwenye maduka ya vyakula ya Knob Hill Farms, na ndiye aliyeingia ubia na mfuko wa walimu. Mwaka 1998 wakanunua timu ya mpira wa kikapu ya Raptors pamoja na uwanja iliokuwa ikijenga, na Februari 1999 hoki ikahamia huko. Mechi ya mwisho pale Gardens walifungwa 6-2 na Chicago. Mechi ya kwanza kabisa, 1931, walifungwa vilevile na Chicago, 2-1. Mahali palifunguliwa kwa kipigo na kufungwa kwa kipigo cha mkono uleule.

Sasa turudi kwa wenye simu, kwa sababu swali la mama lilikuwa zuri kuliko maswali mengi niliyoyasikia redioni. "Wao wana minara," alisema. "Timu ya kuteleza ya nini?"

Filamu, mama, mtu anaiangalia akitaka. Leo, kesho, akiwa chooni. Mechi ina saa yake. Saa moja jioni inaanza, na usipoiona utaambiwa matokeo na jirani. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kukata kila kitu nyumbani kwake bado analipia king'amuzi kwa ajili ya michezo. Mwaka 2013 Rogers alikubali kulipa dola bilioni 5.2 kupata haki za kutangaza ligi ya hoki, NHL, nchi nzima ya Kanada kwa miaka 12, na mwaka 2025 akaongeza miaka mingine 12 kwa dola bilioni 11. Ukishakuwa unatoa fedha za namna hiyo kwa ajili ya mechi, kumiliki na timu inayocheza ni sawa na mchoma mahindi kununua shamba.

Mimi mwenyewe ni ushahidi. Simu yangu inatoka kwa mmoja wa wale wawili, sitasema yupi. Kila mwezi Juni, timu ikishatolewa, nafuta kifurushi cha michezo. Kila Oktoba narudi nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwanamume aliyemrudia mke wake wa kwanza.

Na hawakutulipa kwa ushindi. Msimu wa kwanza chini ya wenye simu, Mei 2013, mechi ya saba dhidi ya Boston, tulikuwa tunaongoza 4-1 katika kipindi cha tatu. Nilikuwa nimempigia rafiki yangu Mkongo, fundi wa lifti, nikamwambia njoo tusherehekee. Alipofika mlangoni ilikuwa 4-4, na kabla hajavua viatu tumefungwa 5-4 kwenye muda wa nyongeza. Aliangalia uso wangu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu nani amefariki.

Tangu walimu walipotoka mwaka 2012 mpaka Septemba 2024, Leafs walishinda raundi moja tu ya mtoano. Moja, mwaka 2023, dhidi ya Tampa Bay. Sasa weka kando ya hiyo fedha. Kwenye ununuzi wa mwanzo kila kampuni ilichangia dola milioni 533. Tarehe 18 Septemba 2024 Bell alitangaza kumuuzia Rogers sehemu yake ileile ya asilimia 37.5 kwa dola bilioni 4.7. Karibu mara tisa. Ni kweli kampuni mama ina vitu vingine, na Raptors walichukua ubingwa wa kikapu mwaka 2019, mji mzima ukajaa barabarani, sikatai. Lakini jina lililo mlangoni ni la hoki, na hoki kwa miaka yote hiyo ilikuwa inapanda bei huku inatolewa. Mwaka 2023 jarida la Forbes liliiweka ya kwanza kwa thamani katika ligi yote, dola za Marekani bilioni 2.8. Kombe la Stanley, lenye majina ya mabingwa ubavuni, halina uhusiano wowote na orodha hiyo.

Fedha alizopata Bell zilikwenda wapi, hilo nalo lilinichekesha kwa uchungu. Novemba 2024 alitangaza kununua Ziply Fiber, kampuni ya intaneti ya kaskazini-magharibi ya Marekani, na akasema fedha za kuuza hisa za MLSE ndizo zitakazosaidia kuilipia. Kwa hiyo wale watu waliokesha na jezi za bluu, waliolia mwaka 2013, walionunua soda ya uwanjani kwa bei ya kilo ya nyama, machozi yao yamegeuka waya unaofukiwa ardhini Idaho na Montana. Watu wa Idaho wapate mtandao wa kasi, sina neno. Ila wangalau wajue umetoka wapi.

Ununuzi ulikamilika tarehe 1 Julai 2025, Sikukuu ya Kanada, mji una fataki. Siku hiyo Rogers akawa na asilimia 75. Huyohuyo ndiye mwenye timu ya besiboli ya Blue Jays tangu mwaka 2000. Besiboli, hoki, kikapu, kandanda, na ule mpira wao wa kukimbia nao mkononi: mji wa mamilioni ya watu, na sehemu kubwa ya kila timu yake kubwa iko kwenye ofisi moja.

Wakati huohuo watu walikuwa wanaondoka. Mwezi Mei Florida walitutoa kwenye mechi ya saba, 6-1 nyumbani kwetu, mashabiki wakatupa jezi barafuni, na siku chache baadaye rais wa timu, Brendan Shanahan, akaambiwa mkataba wake hautaongezwa. Tarehe 27 Juni ikatangazwa kwamba Masai Ujiri, rais wa Raptors, anaondoka. Hili liliuma kwetu kwa namna nyingine. Baba yake Mnaijeria, mama yake Mkenya, na Wakenya wa Toronto walikuwa wakimwita mpwa: mtoto wa dada yetu ndiye aliyeleta ubingwa. Sisemi kubadilika kwa mwenye mali ndiko kulikomwondoa. Nasema tu tarehe zimekaa pamoja, siku nne, na kinyozi wangu wa Kikuyu hakutaka maelezo zaidi ya hayo.

Nina mjomba Kariakoo mwenye kadi ya uanachama wa Simba, anaitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Klabu ilipoamua kuingia kwenye mfumo wa hisa mwaka 2017, mwekezaji Mohammed Dewji apate asilimia 49 na wanachama wabaki na 51, mjomba alikuwa miongoni mwa waliobishana mpaka sauti ikakauka. Hata leo ukimuuliza asilimia 51 inamletea nini hawezi kukujibu kwa shilingi. Lakini alipigiwa mkutano. Kuna mtu alisimama mbele yake akamwomba akubali, na yeye akapata nafasi ya kunung'unika ikaandikwa kwenye muhtasari.

Nilimweleza mjomba kwamba huku hakuna kadi. Hakuna mwanachama, hakuna tawi, hakuna mkutano mkuu. Kuna mteja. Akaniuliza, "Sasa ukiudhika unakwenda kumtukana nani?" Nikamwambia kuna namba ya huduma kwa wateja.

Mama yeye hakuona tatizo hata kidogo. Nilipomlalamikia kwamba walimu wangebaki nayo, angalau tungeweza kusema ni ya watu wa kawaida, alinikata. "Mwanangu, mwalimu mstaafu anataka mwisho wa mwezi ufike na hela yake iwepo. Kombe haliliwi. Walinunua rahisi?"

"Rahisi."

"Wakauza ghali?"

"Ghali sana."

"Basi umelalamika nini?"

Nilitafuta jibu nikakosa, na bado ninalitafuta. Mfuko ule kazi yake ni kulipa pensheni, na uliifanya. Mwaka 2023 mfuko mwingine, OMERS, wa watumishi wa serikali za mitaa za Ontario, ulilipa dola za Marekani milioni 400 kupata asilimia 5 kupitia kampuni ya Tanenbaum. Wastaafu wamerudi kwa mlango wa uani. Labda dereva wa lori la taka anayepita mtaani kwangu ana chembe yake mle ndani na hajui.

Gardens ya zamani bado iko, pembeni ya Carlton Street, kuba lake jeupe likionekana kwa mbali. Juu kuna kiwanja cha barafu cha chuo kikuu. Chini ni supamaketi ya Loblaws, iliyofunguliwa mwishoni mwa Novemba 2011, siku chache tu kabla ya lile tangazo la mauzo. Kati ya rafu wameweka doa jekundu sakafuni kuonyesha palipokuwa katikati ya uwanja, mahali paki ilipodondoshwa kuanza mchezo. Juzi nilipita kununua mchele, nikakuta mtoto wa miaka kama mitano amesimama juu ya doa, miguu pamoja, hataki kutoka, na mama yake anamwita kutoka kwenye foleni ya malipo. Nilingoja mpaka alipokimbia, nikapiga picha, nikamtumia mama Muheza na maelezo mafupi.

Alinijibu kwa sauti, kuku wanasikika nyuma yake.

"Nimeona. Hapo ndipo walipokuwa wanacheza? Haya. Na huo mchele uliouweka kwenye kikapu, kilo bei gani?"

Nikamtajia.

"Mmh," akasema. "Waambie hao wenye simu."